Kabla ya kumlaumu muuzaji wa Kisekka, pima konvata

Ndugu Mhariri,

Wenye magari wengi Kampala hununua injini iliyotumika kutoka Japani pale Kisekka, soko la vipuri, wakaifungia uani nyumbani kukwepa gharama ya gereji. Ikigoma, lawama zote humwangukia muuzaji. Sisi tunaofunga injini tunajua kwamba nyingi huharibiwa wakati wa kufungwa, hasa kwenye Corolla na Premio za gia otomatiki.

Kutoa injini ya zamani si kazi ya ajabu. Chomoa rilei (swichi ndogo ya umeme) ya pampu ya petroli, washa gari mpaka lizimike lenyewe ili presha iishe kwenye bomba, ndipo ufungue hasi ya betri. Mwaga maji na oili. Kompresa ya AC usiifungue mabomba: toa bolti zake uifunge pembeni kwa waya, gesi ibaki ndani. Kila plagi ya waya ipate teipu yenye namba. Kwenye magari haya injini hutoka pamoja na giaboksi, kwa hiyo shafti za magurudumu lazima zichomolewe. Ukizivuta kwa pupa utachana sili na oili ya gia itavuja. Inyanyue kwa cheni bloku ya tani 1 kwenye stendi ya chuma. Tawi la mwembe si stendi.

Hasara huanza kwenye kurudisha. Konvata, lile sufuria lililojaa oili kati ya injini na giaboksi, lazima izame kabisa ndani ya pampu ya giaboksi. Isukume huku ukiizungusha. Huingia kwa hatua, na kwa kawaida utaisikia ikidondoka mara mbili au tatu. Kisha laza rula iliyonyooka kwenye mdomo wa giaboksi upime: masikio ya konvata yawe chini ya mdomo, si sawa nao. Injini na giaboksi zikutane kwa kusukumwa na mkono tu. Pakibaki uwazi, hata wa milimita 5, rudi nyuma. Anayevuta uwazi huo kwa bolti anaipasua pampu: gari litawaka vizuri, ukiweka D halisogei. Baada ya kukutana, konvata izunguke kwa urahisi na ibakize nafasi ya milimita chache kabla ya kufungwa kwenye sahani ya krenki, bamba jembamba la chuma lililo nyuma ya injini.

Halafu kuna pini mbili ndogo zinazoweka giaboksi katikati. Mara nyingi hubaki kwenye injini ya zamani na hakuna anayezikumbuka. Bila hizo giaboksi hukaa upande kidogo, sahani inapindika kila mzunguko mpaka ipasuke. Mlio wake unafanana sana na wa beringi za konrodi, kwa hiyo watu hufungua injini nzima iliyo nzima!

Waya wa athi kutoka injini hadi bodi nao husahaulika. Starta ikivuta umeme bila waya huo, umeme hutafuta njia kupitia kebo ya gia au ya akselereta, na kebo inaungua.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, toa plagi zote za cheche, rilei ya petroli ikiwa bado nje, upige starta kwa vipindi vya sekunde 10 mpaka taa ya oili izimike. Injini ya 1ZZ-FE huchukua lita 3.7 za oili pamoja na filta mpya. Jaza kulanti, maji ya kupoza injini, polepole, hita ikiwa kwenye joto, hewa itoke yote. Hewa iliyobaki ndiyo inayounguza gasketi ya hedi, kisha tunaambiwa injini "ilikuja imekufa". Sili ya nyuma ya krenki ibadilishwe injini ingali nje, maana baadaye itakulazimu kushusha giaboksi tena.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mifereji mingi ya katikati ya jiji huishia Nakivubo, na Nakivubo huishia Ziwa Viktoria.

Wauzaji nao wana wajibu. Injini iuzwe na pini zake na sahani yake, na risiti iandikwe namba ya injini, kwa sababu namba iliyo kwenye logibuku ya mnunuzi ni ya injini ya zamani na lazima ibadilishwe.

Mafundi wa magari,
Ndeeba, Kampala