Nafasi ya uanagenzi, ofisi ya mishahara

Assalaam aleikum ndugu zangu. Hoteli moja hapa Malindi inatafuta mwanagenzi wa kukaa na karani wa mishahara. Vijana, kazi hii ina heshima, msiipuuze. Mtu wa mshahara wa 30,000 hukatwa shilingi 825 za SHA, yaani bima ya afya (asilimia 2.75), na 450 za ushuru wa nyumba (asilimia 1.5), na mwajiri naye huongeza 450 zake. Ijue hesabu hiyo kwa kalamu kwanza, kompyuta baadaye. Kuna NSSF pia, akiba ya uzeeni, na PAYE, kodi ya mshahara inayotakiwa KRA (mamlaka ya kodi) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mshahara wa mwenzako ni siri, hautajwi hata barazani. Anayetaka anitumie cheti cha kidato cha nne kabla ya Ijumaa. Kina dada, nawasubiri hasa.