Barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Lamu anayeandika riwaya ya mtepe wa angani

Mpwa wangu,

Rasimu yako nimeisoma mara mbili. Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, unaosafiri baina ya nyota, mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, na ndani yake mabaharia saba wasio na kwao. Wazo hili usiliache. Ila watu wako bado hawajawa jamaa. Ni abiria waliozoeana.

Anza na hesabu. Watu saba wana jozi 21, watano wana jozi 10. Kila jozi inataka matukio mawili ya faragha, moja kabla ya kuaminiana na jingine baada yake. La sivyo msomaji hatasadiki kwamba mpishi angemlilia mshika usukani. Kwa saba hayo ni matukio 42, nawe umepanga sura 30. Wapunguze wawe watano: wale pacha wafanye mtu mmoja, na mzee mwenye hekima umtoe, maana kazi yake ni kufa tu ili wengine wapate hasira. Kisha chora jedwali, majina juu na pembeni, uandike namba ya sura katika kila kisanduku. Penye kisanduku kitupu ndipo maji yanapoingia.

La pili ndilo zito. Kwetu mgeni akiteremka gatini tu tayari ni shangazi au mjomba. Kwa hiyo baharia anapomwita nahodha "baba" katika sura ya nne, msomaji wa Lamu haoni kilichotokea. Undugu tunaupima penye haki na wajibu: nani atakuwa walii wa kuozesha, nani ataosha maiti, nani atalipa deni. Basi itumie sheria ya Kiislamu unayoijua. Nahodha akifa, hutolewa gharama za maziko na madeni, kisha chombo huenda kwa warithi wake. Mabaharia hawapati kitu ila kwa wosia, nao hauvuki theluthi. Theluthi ya mtepe ni ipi? Ukikata kamba, chombo chote hufumuka. Hapo una sura tano bila kumleta adui yeyote.

Na warithi usiwafanye mashetani. Dada yake nahodha ana haki ya kweli na watoto wa kulisha. Yeye ndiye aseme "mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe", na asiwepo wa kumjibu palepale.

Yule binti wa kijini naye: umeandika kwamba alinyonyeshwa na mama wa baharia kijana. Kwa madhehebu ya Shafii, akinyonya mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili, ni dada yake. Hawaoani, wala hawarithiani kwa sababu hiyo. Mapenzi ya sura ya 18 hayawezekani, na siri ya nani aliyehesabu zile mara tano ina nguvu kuliko mapenzi yenyewe.

Pepo zako za nyota zinageuka kila unapokwama. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kisha huja kusi, na chombo kilichochelewa hukaa bandarini miezi kikingoja. Kungoja huko ndiko kunakowalazimisha wanaochukiana kula sinia moja. Upepo wako ugeuke mara moja tu, karibu na sura ya 20.

Matukio ya kula yawe matatu, yasizidi. La kwanza, mmoja anakataa kukaa kwenye sinia na mwenzake. La mwisho, huyo huyo anamchambulia mwenzake miiba ya samaki, wala hakuna anayelitaja.

Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, mwachie nahodha peke yake. Wote wakisema kwa sauti moja hawatofautiki.

Nitumie jedwali kwanza, kabla hujaandika sura mpya. Msalimie mama.