Salamu za Krismasi kutoka Ukumbi wa Kijiji

Wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana na watoto wa kijiji chetu hapa Tororo, pamoja nanyi mlioko Kampala, Jinja na ng'ambo, nawasalimu kwa niaba ya kamati ya ukumbi.

Msimu huu ukumbi wetu haupumziki. Juma lililopita kikundi cha akiba kilivunja mzunguko wake: lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, lilifunguliwa mbele ya wote, fedha zikahesabiwa mezani, na kila mama akaondoka na haki yake, ya karo ya muhula wa kwanza na ya nguo za watoto. Kesho kutwa, nyuma ya ukumbi, kikundi cha nyama kitapata fahali wake aliyenunuliwa kwa michango ya mwaka mzima. Atachinjwa na jirani yetu Mwislamu, kama ilivyo desturi, ili pasiwe na nyumba itakayoshindwa kula.

Kumbi za namna hii zilihimizwa sana nchini katika miaka ya 1950, ambapo wanavijiji walijitolea kujenga na akina mama wakapata mahali pa kujifunza kusoma, kushona na kutunza watoto. Baada ya 1986 yakaja mabaraza ya RC (Resistance Councils, yaani Mabaraza ya Upinzani), ambayo baadaye yaliitwa LC (Local Councils, yaani mabaraza ya serikali za mitaa), na tangu hapo kesi za mipaka na madeni zimesikilizwa ukumbini, mbele ya majirani wanaoijua mipaka yenyewe. Tarehe 10 Julai 2018, baada ya kukaa tangu 2001 bila uchaguzi wa LC ya kijiji, tulijipanga nyuma ya wagombea wetu papo hapo uwanjani.

Mlango ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kesi zililala na wafiwa wakabaki na wachache wa kuwafariji. Naamini kwa dhati kwamba hakuna nyumba nyingine hapa kijijini ambamo Mkatoliki, Mwanglikana, Mlokole na Mwislamu huingia wote kama kwao.

Paa linavuja upande wa jukwaa. Jumamosi ya kwanza ya Januari tutabadilisha mabati, nanyi mnaorudi mjini baada ya sikukuu tunawaomba mtuachie hata bati moja moja. Krismasi njema, na Mwaka Mpya wa heri kwenu nyote.