Barua ya kufunga muhula: zamu si adhabu

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Mwanza

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: MALEZI NA KAZI ZA PAMOJA NJE YA DARASA

Ripoti ya mwanao imeambatanishwa, na mwalimu wa darasa yupo tayari kukufafanulia alama zake. Barua hii ni ya yale yasiyopewa alama.

Baadhi yenu mmefika ofisini kuuliza kwa nini mtoto uliyemnunulia sare na madaftari anaonekana na ndoo chooni. Swali ni la haki. Ameshika ndoo kwa sababu ni zamu yake, hajakosa kitu. Muhula huu tuliondoa usafi wa vyoo kwenye adhabu, kwa kuwa mtoto anayeoshea choo kosa la kuchelewa namba anajifunza kwamba usafi ni kazi ya wakosaji, na siku asipokuwa na kosa atauruka uchafu aende zake. Wanaokumbuka elika za Usukumani, yaani vikundi vya kulima pamoja, hawahitaji kufundishwa hili: shambani kila mmoja alishika jembe, na hakuna aliyeitwa mhalifu.

Zamu ni ya darasa la tatu hadi la saba, wavulana kwa wasichana, viranja wakiwemo. Kundi lina watoto kumi na linafanya kazi siku moja kwa wiki, dakika 20 kabla ya mstarini. Fagio za chooni zimefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini ili zisije zikaishia darasani. La kwanza na la pili wanaokota makaratasi na kumwagilia miche; hao bado wadogo.

Kilichotuchosha ni vibuyu chirizi vya kunawia mikono. Ukivitazama unaona dumu limening'inia tu, lakini vina fundi wake. Dumu la lita 5 linatobolewa tundu moja kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, upande wa juu karibu na shingo, ili maji yatoke pale tu linapoinamishwa. Tundu likiwa chini, maji yanachuruzika mchana kutwa. Likitobolewa kwa bisibisi, dumu linakauka kabla ya mapumziko. Kamba inatoka shingoni mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga, maana lengo ni mkono mchafu usiguse dumu. Ya katani inaoza haraka kwa maji, bora nailoni. Mche wa sabuni unakatwa vipande, kila kipande kinatobolewa na kutundikwa chini ya kopo lililofunikwa kifudifudi, la sivyo mvua inaumaliza au kunguru wanaondoka nao. Chini tunamwaga kokoto, pasiwe tope. Kujaza maji ni kazi ya kundi zima la siku hiyo, na dumu likikutwa tupu kundi zima linaulizwa. Huo ndio ugomvi uliotufaa kuliko hotuba zote za mstarini: watoto wameanza kukumbushana wenyewe.

Tunaomba kila familia ilete dumu moja tupu la lita 5 lililokuwa na mafuta ya kula. Lililobeba dawa ya mifugo au mafuta ya taa usilete, hata kama umeliosha mara tatu.

Kuhusu makande ya mchana: tunapika gramu 120 za mahindi na 40 za maharage kwa mtoto. Kwa siku 100 za masomo ni kilo 12 za mahindi na kilo 4 za maharage. Maharage ya msimu huu msiyachanganye na ya zamani. Ya zamani yanagoma kuiva wakati mapya yameshavurugika. Mahindi yawe makavu, kwa sababu yenye unyevu yanaota ukungu stoo na huleta sumukuvu, ambayo haitoki kwa kuchemsha. Kipimo chake ni rahisi: weka konzi moja ya mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu, tikisa, uache dakika chache. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Asiye na uwezo aje tuongee mapema. Hakuna mtoto atakayetolewa kwenye foleni ya sahani kwa deni la mzazi.

Likizo hii watoto watashinda ziwani, tusidanganyane. Kichocho kinaingia kupitia ngozi, kutoka kwa vijidudu vinavyotolewa na konokono wa pembezoni mwa maji, na mchana wa jua kali ndio wakati wake mkubwa. Maji ya ziwani ya kuoga yakae siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa. Wasijisaidie majini wala kando yake; mayai ya kichocho hurudi ziwani kwa njia hiyo. Siku ya kugawa dawa shuleni mtoto ale kwanza, kwani ikimezwa na njaa inatibua tumbo, kisha watu wanasema dawa ni mbaya.

Sanduku la vilivyookotwa lina sweta saba. Andika jina ndani ya kola.

Nyumbani naomba jambo moja: mpe mtoto zamu yake, wa kiume pia, na usiifanye kuwa fimbo.

Mahindi na maharage yatapokelewa stoo siku ya kufungua shule, saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Kamati itapima mbele yako na kukuandikia stakabadhi. Njoo na gunia lako, ya shule yameliwa na panya.

Mwalimu Mkuu