Chupa ya plastiki Dodoma ifukiwe, isining'inizwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumze na wenzangu wa Dodoma kuhusu jambo ambalo wengi wameanza kulifanya majumbani kwa nia njema, lakini kwa namna isiyolingana na hali ya hewa yetu. Nalo ni kilimo cha mboga kwa kutumia chupa za maji zilizokwisha kutumika. Picha tunazotumiana katika simu huonyesha chupa zilizokatwa ubavuni, zikajazwa udongo na kuning'inizwa ukutani kwa kamba, kila moja ikiwa na miche miwili mitatu ya mchicha uliostawi. Zinapendeza, na katika miji ya pwani yenye unyevunyevu huenda zikafaa. Hapa kwetu nimezijaribu kwa viangazi viwili, na siwezi kumshauri mtu mwingine apoteze mbegu zake.

Sababu anaijua yeyote aliyeishi Dodoma mwaka mzima. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, ambao huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo mkavu. Chupa ya lita moja na nusu ikikatwa hubeba udongo kidogo mno, na udongo huo, ukiwa umepigwa jua pande zote, hupata joto na kukauka upesi. Miche niliyoinywesha alfajiri ilikuwa imelegea saa saba mchana. Nililazimika kuinywesha mara tatu kwa siku, katika mtaa ambao maji huja kwa mgao, na mboga niliyovuna haikutosha hata mlo mmoja.

Chupa ile ile nilipoifukia ardhini, mambo yalibadilika. Jambo hili si geni, kwa maana katika nchi nyingi kame watu wamekuwa wakifukia vyungu vya udongo kando ya mimea tangu zamani ili maji yapenye taratibu hadi kwenye mizizi. Chupa haipenyezi maji kama chungu, kwa hiyo inatobolewa. Mimi hupasha sindano nene ya kushonea magunia kwenye makaa, nikatoboa matundu manne hadi sita ubavuni, kuanzia katikati kwenda chini, kisha nikaivika chupa kitambaa chakavu ili udongo usizibe matundu. Huifukia ikiwa wima, shingo ikitokeza kidogo juu ya ardhi, na mche hupandwa umbali wa kama kiganja kimoja. Kifuniko ndicho koki yake: ukikilegeza, hewa inaingia na maji yanatoka haraka; ukikikaza, yanatoka polepole zaidi. Mara ya kwanza nilitoboa kwa msumari, na maji yote yakaisha kabla sijamaliza kufagia uwanja. Kwa hiyo ni vema kila mtu ajaribu chupa moja katika udongo wake kabla ya kutoboa nyingine, kwa kuwa udongo wa kichanga hauhitaji matundu sawa na mfinyanzi.

Katika ua wa nyumba ninayopanga nina chupa 12, ambazo zikijazwa zote hubeba lita 18, yaani chini ya ndoo moja kubwa. Kwa maji hayo nyanya na chainizi zangu hukaa siku mbili, wakati mwingine tatu, mradi udongo umefunikwa kwa maganda ya karanga au mabua ya mtama, vitu ambavyo mkoa huu haujapungukiwa. Uso wa ardhi hubaki mkavu, na kwa sababu hiyo hata magugu ni machache.

Yapo ya kuangalia. Chupa iliyowahi kuwekwa dawa ya wadudu isitumike kabisa, hata ikisuuzwa mara kumi. Kifuniko kisiachwe wazi, kwani mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga katika maji yaliyotuama. Wanaotumia maji ya visima vyenye chumvi wakiona utando mweupe juu ya udongo wauache mvuani msimu mzima ili chumvi isombwe, ndipo wapande tena. Vilevile, plastiki haiozi, hivyo anayefukia chupa akumbuke idadi yake na kuzifukua zote anapotifua bustani. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, lakini chupa bado zimejaa katika mitaro yetu, na sitaki ushauri wangu uziongeze mashambani. Zilizopasuka huwapa vijana wanaookota chupa na kuziuza kwa kilo, nao huzipokea kwa furaha.

Kwa wenye nyumba na viongozi wa mitaa nina ombi moja. Kila msimu wa mvua tunahimizwa kupanda miti, na kila Septemba tunaona vijiti vikavu vilivyobaki ndani ya uzio wa miiba, si kwa sababu watu ni wavivu, bali kwa sababu ndoo moja ya maji inayomwagwa juu ya ardhi ya moto hukauka kabla haijafika chini. Shimo la mti linapochimbwa, naomba chupa mbili zilizotobolewa ziwekwe humo kabla udongo haujarudishwa, na mtoto mmoja wa nyumba hiyo apewe kazi ya kuzijaza kila Jumamosi.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma