Somo yangu, futa zile ahadi saba

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila huyu wa mwisho ana mafua yasiyokwisha. Barua yako ilinifikia Jumanne na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana uliniomba niseme kweli kuhusu maelezo yako ya kugombea ujumbe wa bodi ya shule. Kweli nitaisema, ila usije ukaninunia kama mwaka ule.

Umeahidi mambo saba. Nimeyahesabu. Walimu waongezwe, michango ipungue, basi lisichelewe, maktaba ipanuliwe, na kadhalika, mpaka hilo la saba, "kuimarisha ufundishaji wa hisabati katika madarasa ya kati." Mwenzangu, mimi nakujua. Hilo la saba maana yake ni yule mwalimu wa mwanao ahamishwe. Na kama nimelisoma mimi niliye mbali, wazazi wenzako walio hapo hapo watalisoma kabla hawajamaliza mstari.

Nianze na yangu, ili usione nimekaa mimbarini.

Mara ya kwanza nilipogombea nilikuwa na hoja moja tu: vyoo vya wasichana havikuwa na makomeo. Binti yangu alikuwa haendi chooni peke yake. Anakwenda na mwenzake, mmoja anaingia, mwingine anashikilia mlango, halafu wanabadilishana. Nilikuja kugundua kwamba asubuhi alikuwa hanywi maji makusudi, asije akahitaji kwenda siku ambayo huyo mwenzake hayupo. Nilichemka. Nikaandika maelezo yangu, mistari 12, na 10 kati ya hiyo ilikuwa ya vyoo. Nikayapeleka ofisini Alhamisi. Jumatatu iliyofuata fundi alikuwa pale na bisibisi yake, makomeo manne mapya yanang'aa. Wiki mbili kabla ya kura, mgombea sina hoja!

Nilicheka baadaye, si siku ile. Siku ile nilijiona mjinga. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa halihitaji bodi wala uchaguzi. Lilihitaji mtu mzima mmoja aingie ofisini alitamke. Mimi nilikuwa nimekaa nalo miezi mitatu nikilipigia kelele kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ambamo mwalimu mkuu hayumo. Basi na wewe hebu pitia orodha yako: yapi kati ya hayo saba ungeweza kwenda kuyasema kesho asubuhi? Basi la shule ni la kesho asubuhi. Na mwalimu wa hisabati pia, lakini uende kwa upole, na uanze na yeye mwenyewe.

Nilishindwa kwa kura nne. Shule ilikuwa imewapa watoto karatasi za kura wazilete nyumbani. Mwezi mmoja baada ya matokeo nilikuwa nafua mkoba wa yule wa kati, nikaikuta chini kabisa, imekunjwa mara nane na kulowa wino: kura ya baba yao. Nilimwonyesha. Akaniambia alidhani shule imebadilisha utaratibu. Nisingeshinda kwa hiyo moja, lakini tangu hapo najiuliza ile mikoba mingine ilikuwa na nini. Uchaguzi wa namna hii wapigaji kura ni wachache, na wengi wao hawajakataa kupiga, karatasi ndiyo haikuwafikia. Kwa hiyo usipoteze nguvu kumshawishi asiyekupenda. Wakumbushe wanaokupenda wapekue mikoba.

Mara ya pili nilipita, na hapo ndipo nilipoijua kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ni kusoma. Nasema hivi kwa sababu hakuna aliyeniambia. Siku nne kabla ya kikao cha kwanza nililetewa bahasha ya makabrasha, kurasa zaidi ya 60: muhtasari wa kikao kilichopita, taarifa ya mwalimu mkuu, mahudhurio, mapato na matumizi, sera ya nidhamu inayosubiri kupitishwa. Nilisoma usiku watoto wakilala, sikuelewa nusu. Nikaenda kikaoni nikiogopa kwamba mimi ndiye mbumbumbu pekee. Nikakuta wajumbe wawili ndiyo kwanza wanachana bahasha.

Tulipofika kwenye bajeti nikainua mkono. Nikauliza, haya matengenezo ya ukurasa wa 9 na haya ya ukurasa wa 23 ni kitu kimoja au vitu viwili? Chumba kikanyamaza. Mhasibu akafunua mbele, akafunua nyuma, akavua miwani. Kilikuwa kitu kimoja, kimeandikwa mara mbili. Haukuwa wizi, wala usidhani natamba. Yalikuwa makosa ya kunakili tu. Lakini mwenyekiti aliniangalia tofauti kuanzia hapo, na kikao kilichofuata makabrasha yalikuja siku kumi kabla badala ya nne.

Sasa hilo uliloniandikia, kwamba umesikia wazazi kwenye bodi ni wachache, watazidiwa kura tu, ya nini kuhangaika. Inategemea sheria ya mahali. Uingereza shule ya serikali ya mtaa inatakiwa iwe na wazazi wawili wa kuchaguliwa angalau, na viti vingine ni vya watu wengine. Afrika Kusini ni kinyume chake kabisa: sheria yao ya shule ya mwaka 1996 inataka wazazi wawe wengi kuliko wajumbe wengine wote wenye kura wakijumlishwa, wazidi kwa mmoja, na mwenyekiti lazima atoke kwa wazazi. Chicago nako, kwa sheria ya mwaka 1988, kila shule ikapewa baraza lake lenye wazazi sita, wakazi wawili wa eneo, walimu wawili na mwalimu mkuu, na baraza hilo hilo ndilo linalomchagua mwalimu mkuu na kumpa mkataba wa miaka minne. Hebu fikiria uzito huo mikononi mwa mtu aliyechukua fomu kwa sababu ya basi!

Uwe wa wawili au wa sita, bahasha ni ile ile. Kama hukuifungua, utaunga mkono chochote atakachosema mwalimu mkuu, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyesoma. Nimeona hivyo kwa macho yangu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wazazi tuko wangapi mezani, uliza bodi yenu inaamua nini na haiamui nini. Omba muhtasari wa vikao viwili vya mwisho usome. Ni saa moja tu, na pengine utaamua hutaki.

Kuna jambo jingine sikupenda kukuandikia, lakini nisipoandika nitakuwa nimekuficha.

Mwaka wangu wa pili yalitokea magomvi, mtoto mmoja aliumizwa, na mmoja wa waliohusika alikuwa mwanangu. Shauri likaletwa bodi. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna mjumbe mwenye mgongano wa maslahi, atupishe. Nikatoka. Nje hapakuwa na kiti ila kile cha watoto wa darasa la kwanza, nikakaa, magoti yakanifika kidevuni. Dakika 40. Nilikuwa nasikia sauti, sisikii maneno. Niliyaandika mimi mwenyewe sehemu ya yale maelezo ya nidhamu yaliyokuwa yanatumika mle ndani, na sikuwa na haki ya kusema hata neno moja.

Wakaniita ndani, tukaendelea na ajenda ya paa.

Kilichoniumiza si hicho. Ni wazazi baada ya hapo. Kila mmoja alitaka kujua nini kiliamuliwa, na mimi hata pale nilipokuwa najua, kwenye mashauri mengine, nilikuwa nimefungwa na siri ya kikao. Mama mmoja tuliyekuwa tukisubiriana langoni kila jioni alidhani namficha kwa kuringa. Mpaka leo tukikutana anaangalia simu. Wewe ni mtu wa watu, somo, na ulimi wako ni mwepesi kuliko wangu. Lipime hilo kuliko unavyopima ratiba yako.

Na wale watakaokuambia "sisi ndio tuliokutuma"? Kwenye semina ya wajumbe wapya tulifundishwa kwamba mzazi kwenye bodi si tarishi wa wazazi. Anaingia kama mzazi, anasikiliza, halafu anapiga kura kwa anachoona kinafaa kwa watoto wote. Nakubali, ingawa naona wengine wanakitumia kisingizio hicho ili wasimsikilize mtu yeyote. Mimi nilikuwa nakaa langoni robo saa kabla ya kikao, nasikiliza, siahidi. Neno langu lilikuwa moja: "Nitauliza." Na niliuliza kweli.

Sasa turudi kwenye karatasi yako. Futa zile saba zote. Kilichonishangaza ni kwamba umejaza ukurasa mzima na hujasema popote kwamba umeshika vitabu vya hesabu vya chama cha akiba kwa miaka 11, na kwamba ni wewe uliyegundua lile pengo walilokuwa wamelipita wakaguzi. Hilo ndilo la kwanza! Bodi nyingi zimejaa watu wenye maoni, anayekosekana ni mtu anayeweza kusoma safu ya tarakimu bila kusinzia. Andika hilo, andika una watoto wangapi shuleni na wako madarasa gani, andika kwamba jioni za vikao utakuwepo. Kama lazima uweke jambo moja unalolitaka, weka maktaba, kwa sababu hilo kweli bodi inaligusa kupitia bajeti. Mistari minane inatosha. Watu wanasoma wakiwa wamesimama.

Nitumie hiyo mpya kabla ya Ijumaa, maana ulisema msimamizi wa uchaguzi anafunga kupokea Jumatatu saa kumi jioni, nami wikiendi sitakuwa na nafasi. Na ile picha uliyoambatisha ibadilishe. Umekaa kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na yule mwanahisabati wetu mwambie shangazi anamuulizia.

Ni mimi,
somo yako