Barua ya wazi kwa shoga yangu aliyealikwa kwenye fungate ya baiskeli

Shoga yangu mpendwa,

Nimepata habari kwamba maharusi wamekuomba ufuatane nao katika safari yao ya baiskeli kando ya mto Danube, kuanzia Donaueschingen kule Ujerumani, inapokutana mito ya Brigach na Breg, hadi Constanța kwenye Bahari Nyeusi. Nimeambiwa pia kwamba huko nyumbani Tanga kila anayesikia anakuuliza utakwenda kutafuta nini kwenye fungate ya watu. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua hukualikwa peke yako kwa namna hii. Wapo wengine wanaoulizwa swali hilohilo na hawana la kujibu.

Mimi nasema nenda. Ila usiende safari nzima, na usianze nao.

Kwetu pwani mtu wa tatu kwenye fungate si jambo geni. Kwa siku zote saba somo, yaani kungwi wa bibi harusi, alikuwapo: alipika, alimsinga bibi harusi, alimfukiza udi, alipokea wageni mlangoni ili wawili wale wasisumbuliwe, na siku zilipokwisha alifunga mzigo wake akarudi kwake bila kungoja kuambiwa. Hakuna aliyemwona kuwa mdukizi, kwa sababu kazi yake ilijulikana na siku yake ya kuondoka ilijulikana. Wewe umealikwa kwa mapenzi tu, bila kazi na bila siku, na hapo ndipo ninapoona hatari. Basi jipangie mwenyewe yote mawili kabla hujakata tiketi.

Sehemu ya juu ya mto huu naifahamu vizuri kwa kuwa naishi hapa Vienna. Kutoka Passau, ambako mito ya Inn na Ilz inaingia Danube, hadi hapa kwetu ni kilomita 320 hivi za njia ya lami, tambarare, iliyotengwa na magari kwa sehemu kubwa. Pale Schlögen mto unajikunja hadi karibu kujirudia, na waendesha baiskeli huvushwa kwa mashua ndogo. Kati ya Melk na Krems kuna bonde la Wachau, lililoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lenye mizabibu juu ya vilima na miti ya aprikoti hadi ukingoni mwa barabara, na kila baada ya vijiji viwili au vitatu kuna nyumba ya wageni yenye banda la kuwekea baiskeli. Wazee wenye umri wa wazazi wetu huipita njia hiyo bila taabu. Watu wawili waliooana juzi hawahitaji msaada wa mtu yeyote hapo, wanahitaji kuachwa. Ukiwepo, kila jioni utakuwa unatafuta pa kuelekeza macho, nao watakuwa wanatafuta jinsi ya kukuhurumia.

Kwa hiyo wapishe. Wapite Vienna, Bratislava na Budapest wakiwa wawili, kisha ungana nao Belgrade, kwa sababu chini ya Belgrade safari inabadilika, na hapo ndipo watatu wanapokuwa bora kuliko wawili.

Jambo la kwanza ni upepo. Sehemu ile ya Serbia ina upepo uitwao Košava, unaotoka kusini-mashariki na kupita katika korongo la Đerdap kabla ya kufika Belgrade. Hutamba zaidi katika miezi ya baridi, lakini hata majira ya kuchipua unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, na kwa anayeufuata mto kuelekea baharini ni upepo wa omo mtupu, wa kumpiga usoni. Wewe mtoto wa pwani huna haja ya kuelezwa maana yake. Wanapokuwa wawili, kila mmoja hukata upepo nusu ya siku, na kwa kawaida bwana harusi hujitia ushujaa akakaa mbele tangu asubuhi, na jioni anashindwa hata kula. Mkiwa watatu mnapokezana: wa mbele anachoka kwa dakika kumi, kisha anasogea pembeni na kurudi nyuma kabisa, naye anapumzika kwa zamu mbili nyuma ya migongo ya wenzake. Hiyo ni kazi halisi, na hakuna atakayekuuliza umefuata nini.

Jambo la pili ni mahandaki. Baada ya kivuko cha Stara Palanka kinachowavusha hadi Ram, na baada ya ngome ya Golubac, barabara ya upande wa Serbia inaingia korongoni, mahali ambapo mto ule mpana unabanwa hadi mita 150 hivi, nayo inapita katika mahandaki mengi ambayo mnapaswa kuyaingia kana kwamba hayana taa hata moja. Kabla ya kila handaki simameni. Vueni miwani ya jua, vaeni vizibao vinavyong'aa, washeni taa za mbele na nyuma, msikilize kama kuna lori linalokuja, kisha mwingie kwa mstari mmoja. Kaa nyuma wewe, na taa yako nyekundu iwe kali kuliko zao. Mbwa wasio na mwenyewe nao wapo. Wakikukimbilia, shuka, weka baiskeli kati yako na wao, na utembee taratibu hadi wakuchoke.

Kuna kitu kimoja huko ambacho wewe hasa ningependa ukipitie kwa moyo. Karibu na Orșova kilikuwapo kisiwa cha Ada Kaleh, walikoishi Waturuki Waislamu, wenye msikiti, soko na mashamba madogo. Bwawa la umeme lililojengwa na Yugoslavia na Romania, likakamilika mwaka 1972, lilikizamisha chote. Zulia la msikiti wake, zawadi ya Sultani Abdülhamid wa Pili, liliokolewa, na sasa limo katika msikiti mkubwa wa Constanța. Maharusi watalikuta mwisho wa safari yao, wakiwa wawili tena. Waeleze habari zake mkiwa pale korongoni, ili wakifika wajue wanatazama nini.

Siku yako ya kuondoka iwe siku mtakayofika Vidin, Bulgaria. Danube huhesabiwa kilomita kuanzia mdomoni kurudi juu, kwa hiyo Belgrade iko karibu na kilomita 1,170 na Vidin karibu na 790. Mkienda kilomita 50 au 60 kwa siku, ni muda unaokaribia ule wa somo. Kutoka Vidin kuna treni ya kwenda Sofia.

Hema lako liwe lako, na ulipige mbali kiasi cha kutosikia mazungumzo. Chakula kitoke katika mfuko wa pamoja ambao kila mmoja ametia sawa, lakini malazi ulipe mwenyewe. Asubuhi tangulia saa nzima, mkutane mahali pa chakula cha mchana, isipokuwa siku ya upepo na siku ya mahandaki. Wakigombana, na barabarani watagombana, usiwe kadhi: angalia cheni yako, jaza tairi upepo, nenda zako mbele. Picha wawe wao wa kwanza kuzirusha mtandaoni, hata kama zako ni nzuri zaidi.

Kuhusu visa, kumbuka kwamba Serbia haimo katika eneo la Schengen, lile la nchi za Ulaya zenye visa moja, na Bulgaria imo. Ukipitia Vienna utaingia Schengen mara mbili, na visa ya kuingia mara moja haitakufaa. Ni rahisi zaidi uruke hadi Belgrade kupitia Istanbul na urudi kutokea Sofia, lakini masharti ya Serbia yaulizie ubalozini mapema.

Kabla ya yote hayo, zungumza na shemeji. Mwaliko umekufikia kwa mdomo wa mkewe. Mpigie yeye mwenyewe, mweleze mpango huu wa Belgrade hadi Vidin, na umpe nafasi ya kukataa bila aibu. Akisita, njoo kwangu Vienna wiki hiyo, nina baiskeli ya pili na chumba.